Ulipimwa Lini, Binti Yangu?

Wajukuu wangu wa Djugu, ninyi mlioolewa Iga Barrière na ninyi mnaochimba Mongbwalu, ninyi mliozaliwa Fataki mkakulia chini ya turubai za wakimbizi Bunia, leo naomba masikio yenu kwa jambo ambalo hatulitaji mbele ya wakwe. Nataka kusema juu ya SIDA ya watoto wachanga, UKIMWI kama wasemavyo ng'ambo, ile ambayo mama humpa mtoto bila kukusudia: tumboni, siku ya kuzaliwa, au titini. Najua mmeambiwa mara nyingi: nenda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, pima, kunywa dawa. Na wengi wenu mmekwenda. Mkiulizwa mnajibu mbio mbio, nilipimwa, mimi mzima. Sina ugomvi na jibu hilo. Nauliza tu: ulipimwa lini?

Nimekaa miaka mingi katika chumba cha kuzalishia, tangu enzi tulipokuwa tunachemsha mikasi kwenye sufuria juu ya makaa, na mtoto ninayemhofia zaidi siku hizi si yule wa mama anayejulikana kuwa na virusi. Mama yule ana fishi, kadi yake ya kliniki, ana vidonge, ana muuguzi anayemjua kwa sura. Ninayemhofia ni mtoto wa mama aliyeambiwa hana kitu. Anakwenda CPN mimba ikiwa ya miezi mitatu au minne. Anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, anakaa kwenye benchi amebana kipande cha pamba, anaitwa, anaambiwa hasi. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Anaikunja ile karatasi, anaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mpiga kura, na kwake yeye habari imekwisha. Lakini mimba bado ina miezi mitano au sita mbele yake, na baada ya hapo kuna kunyonyesha, mwaka mzima, mara nyingi miwili. Muda wote huo mume anakwenda karieri, yaani machimboni, na kurudi, anakwenda Butembo na mzigo na kurudi. Na yeye mwenyewe mama ni binadamu.

Kipimo kile kilisoma damu ya mwezi ule. Na hata ya mwezi ule hakikuisoma yote, maana mtu akiambukizwa leo, mwili huchukua wiki kadhaa kabla ya kutoa zile alama ambazo kipimo kinazitafuta. Halafu kuna jambo ambalo vijana hamwambiwi vya kutosha. Wiki za kwanza baada ya maambukizo ndizo virusi hujaa damuni kupita kiasi, kwa kuwa mwili bado haujajifunza kupambana navyo. Mama akiupata ugonjwa mimba ikiwa kubwa, au akiwa ananyonyesha, mtoto wake yuko hatarini kuliko mtoto wa mama aliyeishi na virusi miaka 10 huku akimeza dawa zake kila jioni. Na mama huyo aliyeambukizwa karibuni hajui lolote. Labda alipata homa ya siku tatu, akasema ni malaria, akanunua vidonge vya malaria dukani, homa ikapoa. Maziwa yanaendelea kutoka na mtoto anaendelea kunyonya.

Kwa hiyo, binti yangu, pimwa tena mimba ikiingia miezi mitatu ya mwisho. Pimwa tena ukiwa unanyonyesha, na usiishie mara moja kama mumeo ni mtu wa safari au kama moyo wako una wasiwasi wowote. Usingoje kuitwa, omba mwenyewe. Utaambiwa vipimo vimeisha, rudi wiki ijayo. Vinaisha kweli, barabara zetu mnazijua. Basi rudi wiki ijayo. Ukiona aibu kuomba kipimo cha pili kwa kuogopa muuguzi atakufikiria vibaya, kumbuka wazee walisema mficha uchi hazai, na hapa tunazungumza juu ya kuzaa.

Sasa nanyi wana wangu, msitazame pembeni. Dhahabu ya Kilo-Moto imewatoa wanaume majumbani tangu wakati wa Wabelgiji. Babu zenu walikwenda, baba zenu walikwenda, ninyi mnakwenda. Pesa ya karieri inapatikana jioni na asubuhi haipo, na baina ya jioni na asubuhi mnajua wenyewe ilipopita. Mimi sitawahubiria, pasta wenu yupo na padri yupo. Nawapa maneno ya mkunga. Ukilala na mwanamke mwingine huko, vaa kondomu huko. Ukirudi nyumbani, ukamkuta mkeo ana mimba au ana mtoto titini, vaa kondomu na nyumbani hadi mtakapopimwa wote wawili, mkapumzika wiki kadhaa, mkapimwa tena. Utasema atakushuku. Heri akushuku wewe kuliko kumzika mtoto wake.

Na liko kosa moja ambalo nimelisikia kwa wanaume wengi, wasomi na wasiosoma: mke wangu alipimwa akaonekana mzima, kwa hiyo na mimi mzima. Sivyo. Watu hulala kitanda kimoja miaka, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Damu ya mkeo haiwezi kujibu kwa niaba yako. Njoo CPN. Najua ukifika utawakuta wanawake 40 kwenye benchi wanakutazama kama mtu aliyepotea njia, na kuna vituo ambavyo havina hata mahali pa kumkalisha mwanaume, jambo ambalo nalilaumu. Njoo hivyo hivyo, usimame mlangoni. Viko vituo vinavyowahudumia kwanza waliokuja wawili, na hilo peke yake lingetosha kukushawishi, maana foleni ya CPN inaweza kula siku nzima.

Ninyi mmezaliwa mkakuta vidonge vya virusi vipo, mkadhani vimekuwepo siku zote. Sisi tuliona vingine. Mwaka 1984 pale Kinshasa, katika hospitali ya Mama Yemo, ulianza mradi ulioitwa Projet SIDA. Uliongozwa kwanza na Mmarekani Jonathan Mann, na karibu naye alikuwepo daktari wetu, Bosenge N'Galy. Mradi ule uliwafuata akina mama wa Kinshasa na watoto wao, mamia kwa mamia, na kutokana nao dunia ilijifunza mengi juu ya jinsi mtoto anavyoupata ugonjwa kwa mamaye. Damu ya Wakongo ilifundisha madaktari wa nchi nyingi. Halafu Septemba 1991 askari wakapora mji, wageni wakaondoka, mradi ukafa. Sisi huku juu, mbali na Kinshasa, tulibaki na elimu ya redio: ugonjwa upo, dawa hakuna.

Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba dawa ya AZT ikitolewa kwa mama wakati wa mimba na wa uchungu, na kwa mtoto baada ya kuzaliwa, inapunguza maambukizo kwa theluthi mbili. Habari njema, lakini ilikuwa dawa ya nchi tajiri: wiki nyingi za vidonge, dripu siku ya kuzaa, bei isiyosemeka. Kisha ukaja mwaka 1999. Kule Kampala, katika hospitali ya Mulago, Profesa Francis Mmiro wa Makerere na wenzake, akiwemo Laura Guay, walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu unapoanza, na kipimo kidogo cha maji ya dawa hiyo kwa mtoto kabla saa 72 hazijapita, vinapunguza maambukizo kwa karibu nusu, vikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Kidonge kimoja! Kitu ambacho mkunga wa kijijini angeweza kukibeba mfukoni mwa aproni.

Mnajua mwaka 1999 hapa Djugu tulikuwa tunafanya nini. Tulikuwa tunachomeana nyumba. Ndio mwaka vita vya Walendu na Wahema vilipowaka juu ya mashamba, na askari wa Uganda, nchi ile ile yenye Mulago, walikuwa wametawala Bunia na kututeulia gavana. Barabara iliyoleta bunduki ingeweza kuleta nevirapine. Kwa muda mrefu haikuleta. Ni watoto wangapi wa Ituri walizaliwa katika miaka hiyo bila kile kidonge, hakuna aliyewahesabu. Nayasema haya kwenu ninyi ambao leo mnaitwa na wakubwa wenu mkashike mapanga tena, mjue kwamba vita huua na watoto ambao hakuna aliyewagusa.

Turudi kwenye dawa ya leo. Mambo yamegeuka sana. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama mjamzito mwenye virusi aanze dawa, na tangu 2015 kila mwenye virusi, awe na mimba au asiwe nayo, aanze mara tu anapojulikana, bila kungoja adhoofike. Dawa yenyewe, ARV, kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, ndani yake dawa tatu. Hakiondoi virusi mwilini, ila kinavibana hadi havionekani kwenye kipimo. Bila dawa, katika watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa vizuri, hesabu inashuka chini ya 5, na akiianza kabla ya kubeba mimba, akaishika sawasawa, inashuka zaidi. Ndiyo sababu nasema mama mwenye virusi anayejijua simwogopei. Nimewapokea watoto wake, wamelia vizuri, wamekwenda shule.

Kinachoharibu kazi mara nyingi si kidonge, ni nyumba. Nimewaona wanawake wanaoficha vidonge kwenye kopo la chumvi, wengine kwenye mfuko wa maharagwe ya mbegu, maana hayo mume hayagusi. Chumvi inavuta unyevu, vidonge vinabadilika rangi, mwanamke anameza hivyo hivyo. Mwingine anangoja shemeji aondoke ndipo ameze; shemeji asipoondoka siku mbili, hamezi siku mbili. Mwingine anakwenda kuchukua dawa kituo cha mbali, ambako hakuna anayemjua, na mvua ikikata barabara hana la kufanya. Binti yangu, tafuta mtu mmoja nyumbani wa kumwambia. Si lazima awe mume, kama mume ni mtu wa fimbo. Awe dada yako, awe shangazi, awe mama yako. Muuguzi au mshauri wa PVV, watu wanaoishi na virusi, atakusaidia kupanga namna ya kumwambia mume, wengine huwaita wote wawili wakapimwa upya pamoja kana kwamba ni mara ya kwanza. Ujanja huo ninaukubali kabisa.

Na ninyi wauguzi vijana, maana najua mko hapa mnasikiliza, siri ya fishi si mali yenu. Nilipata kukaa katika kituo kimoja ambapo matokeo yalisemwa kwa sauti kwenye baraza, na wiki iliyofuata benchi la CPN lilikuwa tupu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wanaoishi na virusi dhidi ya kubaguliwa, na inalinda siri ya matokeo yao. Msiseme hamkuambiwa.

Hapa kwenye kunyonyesha nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo sisi wazee tunapowaharibia. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake anyonyeshe. Ndiyo, anyonyeshe. Miezi sita ya kwanza amnyonyeshe maziwa yake tu, kisha aanze kumpa chakula huku akiendelea kunyonyesha hadi mwaka, hata miaka miwili, ilimradi hakosi dawa. Zamani tuliwaambia akina mama wenye virusi wakatae titi wanunue maziwa ya kopo. Fikirini mtoto wa kambi, maji ya mto, kipindupindu, kopo moja la maziwa linazidishiwa maji ili lifike Jumapili. Kuhara kuliua wale ambao virusi viliwaacha.

Lakini sikilizeni lile neno "tu". Sisi watu wa Djugu tuna ng'ombe, na tunayapenda maziwa yake. Mama mkwe anaona mtoto wa mwezi mmoja analia, anasema titi la mama huyu ni jepesi. Mama akienda shamba au chooni, bibi anachovya kidole kwenye kibuyu, anamlambisha mjukuu. Kesho ni kijiko, keshokutwa ni kikombe. Nyumba nyingine si maziwa, ni maji ya sukari, ni uji wa muhogo, ni majani yaliyochemshwa ya kusafisha tumbo. Kila mmoja anafanya kwa upendo. Ila utumbo wa mtoto mchanga ni laini kama jani la mgomba linaloanza kufunguka. Vyakula vile vinauchubua, na virusi vikiwemo kwenye maziwa ya mama vinapata mahali pa kupenya. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliotoka mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wa akina mama wenye virusi walionyonya titi pekee waliambukizwa wachache kuliko wale waliochanganyiwa. Mchanganyiko ndio wenye hatari. Kwa hiyo, mama mkwe mwenzangu, weka kibuyu chini. Miezi sita si mingi. Na wewe mama, chuchu zikichanika, au titi likivimba na kuuma, au ukiona utandu mweupe mdomoni mwa mtoto, nenda kituoni siku hiyo hiyo, usingoje siku ya chanjo.

Mtoto naye ana safari yake ya vipimo, na watu wengi huikatisha njiani. Kile kipimo cha kidole walichompima mama hakimfai mtoto mchanga, kwa sababu mtoto huzaliwa na alama za mama yake damuni, na zinaweza kukaa hadi miezi 18. Kingesema ana virusi kumbe hana. Mtoto huchukuliwa damu akiwa na wiki 4 hadi 6, kisiginoni. Muuguzi anakipasha kisigino joto kwa mkono, anachoma, anasubiri tone linenepe, analigusisha kwenye karatasi nene yenye miduara mitano, mmoja baada ya mwingine, hadi yote imejaa. Karatasi inaachwa ikauke kivulini, inapelekwa kwenye mashine ambayo inatafuta virusi vyenyewe. Majibu yanaweza kuchelewa. Hapo ndipo mama anapopotea. Anakuja mara moja, hayajafika. Mara ya pili, hayajafika. Mara ya tatu haji. Na jibu linapofika, liko mezani, mtoto yuko Mahagi kwa bibi yake.

Acha namba ya simu inayopatikana, hata ya jirani. Mwambie reko, mhudumu wa afya wa kijiji, unakokwenda. Mtoto aliyeambukizwa, akikosa dawa, hana muda: theluthi moja yao hufariki kabla ya kutimiza mwaka, nusu hawafiki miaka miwili. Akianzishiwa dawa mapema, wiki za mwanzo kabisa, ni mtoto kama wengine; utafiti wa Afrika Kusini uliona vifo vikipungua kwa takriban robo tatu. Na siku hizi kuna kidonge cha watoto kinachoyeyuka kwenye maji, kina ladha ya tunda la stroberi, ambalo hapa Djugu hatulijui, lakini watoto wanalipenda. Kabla yake ilikuwa dawa ya maji, chungu kiasi cha kumtapisha mtu mzima, na ilitaka kuwekwa mahali pa baridi. Nani hapa kijijini ana friji?

Kila mtoto wa mama mwenye virusi anapewa maji ya nevirapine tangu siku anayozaliwa, wiki 6 au zaidi kadiri muuguzi atakavyoamua. Akifika wiki 6 anaanza Bactrim, kwa sababu kuna homa ya mapafu inayowavizia watoto hawa wakiwa na miezi mitatu hadi sita, nayo haina huruma. Na jibu la wiki 6 likiwa hasi, ni hasi ya siku ile, kama ya mama yake. Bado ananyonya. Atapimwa tena akiwa na miezi 9, na mara ya mwisho akiwa na miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuachishwa titi, kama kuachishwa kumechelewa. Hapo ndipo fishi yake inafungwa.

Sasa mtoto asiyekua. Ana miezi minane, ana uzito wa miezi mitatu, anahara, anakohoa, tezi zimemtoka shingoni. Katika nyumba zetu, swali la kwanza ni nani amemroga. Jirani anatajwa, mara nyingi mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Mbuzi anauzwa, mtoto anapelekwa chumba cha maombi, analala pale siku 21 na mama amefunga kula, maziwa yanakauka. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto na sitawazuia kuomba. Ombeni mkiwa njiani kwenda kituoni. Na mchungaji anayemwambia mama aache vidonge ili aonyeshe imani, mwulizeni kama atamlea yule mtoto.

Linabaki lile ambalo linatuhusu sisi kuliko watu wa Kampala au Dar es Salaam: kukimbia. Tangu mapigano yalipoanza tena Desemba 2017 hatujakaa. Wengi walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mwanzoni mwa 2018 hadi Uganda, wengine wakajaa Bunia, wengine kambi ya Roe, wengine ile ya Plaine Savo karibu na Bule, ambako Februari 2022 makumi waliuawa usiku ndani ya kambi. Serikali ilitangaza hali ya dharura Mei 2021, na bado Machi 2024 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Drodro, mgonjwa akauawa kitandani. Kwa hiyo siwezi kuwaambia dawa iko pale pale ulipoiacha. Mama anakimbia usiku na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nani anakumbuka kopo la chumvi?

Fanya hivi. Vidonge na fishi vikae pamoja kwenye mfuko mmoja mdogo, mahali ambapo mkono wako unapafikia gizani. Ukibaki na vidonge vya wiki mbili, nenda ukachukue vingine, usingoje viishe. Jina la dawa yako lijue kwa kichwa, au mwonyeshe mtu mmoja anayejua kusoma alishike. Fishi ikipotea, ikiungua, hata jina la dawa likikutoka, nenda kituo chochote, Bunia, Rethy, Tchomia, au kambini Kyangwali ukivuka ziwa, mwambie muuguzi kwa sauti ya chini: mimi niko kwenye ARV, nimekimbia, ninanyonyesha. Hilo la kunyonyesha litaje, kwa sababu siku unazokosa dawa virusi vinaanza kupanda, na mtoto yuko titini. Hakuna anayepaswa kukudai pesa ya vidonge vyenyewe, na mtu akikudai, nenda kwa mwingine.

Na msichana au mama aliyebakwa njiani, maana hilo lipo na sisi wote tunalijua, asiende kuoga na kunyamaza. Kuna dawa ya kuzuia virusi, ikianzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa siku 28. Kama ananyonyesha, hiyo ni dawa yake na ya mtoto wake pia. Baba wa nyumba, ukimfukuza mkeo kwa ajili ya walichomtendea wenye bunduki, utakuwa umewasaidia kumaliza kazi yao.

Nimalizie na ninyi ambao sijawataja. Mko humu, na baadhi yenu nawajua tangu mlipokuwa wa kushikwa kwa mikono miwili. Mlizaliwa na virusi, katika ile miaka ambayo kidonge hakikufika, na mkaishi, kwa bahati na kwa ukaidi wa bibi zenu. Leo mna miaka 18, 20, mnataka kuoa na kuolewa, na mnadhani mlango huo umefungwa. Haujafungwa. Wapo waliozaliwa nao ambao sasa ni mama na baba wa watoto wasio na virusi. Ila wewe una jambo la kufanya kabla, si baada. Kabla hujabeba mimba, mwambie muuguzi kwamba unataka mtoto, aombe kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu yako, maana umemeza dawa tangu utotoni, na wengi wenu, nawajua, mlizitupa nyuma ya nyumba mlipofika miaka 15. Kama dawa imechoka, watakubadilishia. Jibu likionyesha virusi havionekani, mwambie mwenzio. Na kama bado hujaambiwa ni kwa nini unameza vidonge tangu mdogo, nenda leo kwa aliyekulea, kaa naye chini, muulize.